MWAKA HUHESABIWA KABLA YA KUOGWA

Kila mwaka ifikapo Julai, wakati wa kipupwe, pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu katika pwani ya mashariki ya Unguja, watu kwa makundi humiminika Makunduchi kuadhimisha Mwaka Kogwa. Huja wenyeji waliohamia mjini, huja jamaa kutoka Bara, huja na wageni kutoka nchi za mbali wakiwa na kamera zao. Uwanjani wanaume wa miji ya Makunduchi, yaani Kajengwa, Kiongoni, Mzuri na Nganani, hugawanyika pande mbili wakachapana kwa vipande vya migomba mpaka jasho liwatoke. Wanawake waliovalia nguo zao bora hupita wakiimba. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto. Waliokuwa wameingia ndani huchoropoka mbio moto unaposhika, na wazee hutazama moshi unaelekea wapi, kwani kwa mila ya hapo upande unaokwenda moshi una habari ya mwaka unaoingia.

Ni sherehe ya kupendeza, na hatuna nia ya kumharibia mtu furaha yake. Lakini tumejiuliza swali moja, nasi tunaona ni wajibu wetu kuliuliza mbele ya wasomaji wetu: je, ni wangapi kati ya wanaoutazama moshi ule wanaoweza kueleza kwa nini mwaka huo umeingia siku hiyo, wala si juzi wala si kesho? Tunachelea kwamba ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo ilipo hatari ya sherehe hii. Ngoma itachezwa, kibanda kitachomwa na wageni watakula. Kitakachotuponyoka kimya kimya ni hesabu iliyoizaa sherehe yenyewe.

Mwaka unaoogwa Makunduchi si wa Januari, wala si wa Muharram. Ni mwaka wa Nairuzi, ambao watu wa pwani yetu waliupata kutoka Uajemi kwa njia ya bahari, katika karne ambazo majahazi yalikuwa yakiunganisha Ghuba, Bara Hindi na miji ya Waswahili. Jina lenyewe ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Mwaka huo una siku 365 kamili. Wazee wetu waliugawa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano zikabaki za kuufunga mwaka. Mkulima aliposema tupo katika mwongo fulani, mwenzake alielewa kama ni wakati wa kufyeka, wa kupanda au wa kungoja.

Kwa nini walihitaji hesabu hiyo ilhali walikuwa na kalenda ya Kiislamu? Jibu ni rahisi, nalo linaonyesha busara yao. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, na katika muda wa miaka ipatayo 33 mwezi wa Ramadhani huwa umepita katika masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Hilo halina dosari kwa ibada. Lakini mpunga haumsubiri mtu, wala kaskazi haivumi kwa kufuata mwezi mwandamo. Mkulima na baharia walihitaji kalenda inayofuata jua. Basi wakawa na hesabu mbili, moja ya msikiti na moja ya shamba na bahari, na hatujasikia kwamba walichanganyikiwa.

Wala hawakuwa peke yao. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa upande wa Oman aliyeishi katika karne ya 15, alipoandika maarifa yake ya bahari alitaja misimu ya kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Nahodha aliyetaka kutoka Ghuba kuja pwani yetu kwa kaskazi, na kurudi kwao kwa kusi, hakuwa na budi kujua ni siku ya ngapi. Akikosea hesabu aliweza kukwama bandari ya ugenini akingojea upepo mwingine. Kwa hiyo siku inayosherehekewa Makunduchi leo kwa vipande vya migomba ilikuwa pia ndiyo siku ya kwanza katika daftari la mabaharia wa Bahari ya Hindi. Huo ni ukoo mkubwa, na kijiji kinachouhifadhi kinastahili heshima kubwa.

Tena hesabu hii ina tabia yake, ambayo asiyeijua hudhani ni kasoro ya wazee. Kalenda ya kawaida huongeza siku moja kila baada ya miaka minne, kwa sababu jua huchukua siku 365 na karibu robo ya siku kuukamilisha mwaka. Nairuzi yetu haiongezi. Matokeo yake ni kwamba kila baada ya miaka minne siku ya mwaka husogea nyuma kwa siku moja, na katika muda wa miaka 40 husogea kwa mwongo mzima. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870, aliandika kwamba wakati wake siku ya mwaka iliangukia kiasi cha tarehe 23 au 24 Agosti. Leo hesabu ile ile ikifuatwa barabara hutufikisha katikati ya Julai. Hapana aliyeihamisha. Imetembea yenyewe, hatua kwa hatua, wiki tano na ushei katika muda wa vizazi vichache.

Ndugu msomaji na atafakari jambo hili. Hesabu ikiachwa iende mwendo wake, baada ya miaka ipatayo 60 Mwaka Kogwa utaingia katika mwezi wa Juni. Vijana wanaochapana leo watakuwa ndio wazee wa wakati huo. Je, watauacha uingie Juni? Au watakuwa wamekwisha kuzoea kwamba sherehe hii ni ya Julai, kwa kuwa vitabu vingi vya wageni huitaja hivyo hivyo kwa juujuu, kana kwamba Julai ndiyo iliyoizaa? Siku itakapofungwa katika tarehe moja ya kalenda ya ukutani kwa ajili ya kuwarahisishia watu safari zao, Nairuzi itakuwa imekufa, hata kama kibanda kitaendelea kuchomwa kwa miaka mia nyingine. Na itakuwa imekufa bila ya mtu kuizika, maana hapana atakayetambua.

Kwa hakika baadhi ya viungo vya siku hii vimekwisha kutoweka katika sehemu nyingi. Huyo huyo Steere ameeleza kwamba watu wote walikwenda kuoga baharini usiku au alfajiri, hasa wanawake, ambao walikwenda kwa makundi. Ndipo tunapopata neno kogwa: mwaka ulioogwa. Ameeleza pia kwamba vilipikwa vyungu vikubwa vya nafaka na kunde ambavyo kila aliyependa alikuja akala. Na ameeleza kwamba moto wote katika nyumba ulizimwa, kisha ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili. Tafakari maana ya tendo hilo. Kila jiko katika mji lilikuwa baridi kwa muda, la tajiri na la maskini, halafu kila jiko likaanza mwaka kwa moto mpya. Leo kiberiti kimo katika kila mfuko. Hatuwezi kusema ni vijana wangapi wa pwani wanaojua ulindi ni kitu gani, seuze kuupekecha mpaka utoe moshi, lakini hatudhani kwamba ni wengi.

Kazi za mikono nazo zimo katika hatari hiyo hiyo. Kibanda kinachochomwa kwa dakika chache hakikuota pale uwanjani. Kuna aliyekata fito, aliyejua namna ya kuzifunga, na aliyeshona makuti. Kushona kuti la viungo, lenye majani yaliyokunjwa na kushonwa juu ya ufito, si sawa na kusuka kuti la kumba. Kila moja lina mkono wake na matumizi yake. Katika vijiji vya pwani hiyo ya mashariki wanawake wangali wakifukia makumbi ya nazi pwani, wakayafukua yakisha kulainika, wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Bati linapochukua nafasi ya kuti na kamba ya nailoni inapochukua nafasi ya usumba, hatuna sababu ya kumlaumu mwananchi anayetaka nyumba isiyovuja. Lakini siku ya mwaka ni siku ambayo kijiji kizima kina sababu ya kushika fito na kuti tena, na kijana akamwona babu yake akifunga fundo ambalo hakulijua. Kibanda kikijengwa na watu wawili waliolipwa ujira, kitaungua vizuri tu, lakini hakitakuwa kimemfundisha mtu.

Tunajua kwamba wapo ndugu zetu wanaoitazama sherehe hii kwa jicho la wasiwasi. Wanasema ina asili ya dini ya Waajemi wa kale kabla ya Uislamu, na kwamba kutazama moshi ili kujua ya mwaka ujao ni ushirikina. Hatutaki kuipuuza hoja hiyo, kwa kuwa wanaoitoa ni watu wenye nia njema na elimu ya dini yao. Ni kweli kwamba asili ya Nairuzi ni ya kale. Ni kweli pia kwamba Mwislamu hapaswi kuamini kwamba moshi unajua ya ghaibu. Anayeona kuwa dhamiri yake haimruhusu kuhudhuria, asisutwe wala asiitwe msaliti wa mila.

Hata hivyo yafaa tutenganishe mambo. Kuhesabu siku za jua si ibada ya mtu yeyote. Ahmad bin Majid alikuwa Mwislamu, naye aliisafiria Nairuzi. Watu wa Makunduchi ni Waislamu, na watu wale wale wanaofunga Ramadhani na kuswali Idi ndio walioitunza siku hii kizazi baada ya kizazi. Kuoga baharini, kumlisha mgeni, kupatana na uliyegombana naye, kuwasha moto mpya jikoni, yote hayo ni mambo ambayo hapana dini tuijuayo inayoyalaumu. Na kuhusu moshi, tunathubutu kusema kwamba mtu anaweza kuutazama kama anavyotazama mawingu, kwa hamu na kwa mzaha, bila ya kuutegemea. Mkulima hodari, hata awe ameuona moshi umekwenda upande wa heri, bado hulima kwa jembe.

Upo na upande wa vipande vya migomba. Steere aliandika kwamba zamani mauaji na jeuri zilizofanywa siku hiyo hazikuulizwa, na kwamba watu walizimaliza ugomvi zao za zamani kwa kupigana siku hiyo. Basi tusiisifu mila kwa upofu, maana si kila kilichokuwa cha wazee kilikuwa chema. Lakini tazama mwendo wa mila hiyo. Kisasi cha siku ile kimegeuka kuwa mchezo, na silaha imegeuka kuwa kitu kinachovunjika kabla ya kumvunja mtu. Wanaochapana asubuhi hula sahani moja mchana. Tunaloliona hapo ni watu waliojisahihisha wenyewe bila ya kuitupa siku yao. Hilo ni somo kwa wale wanaodai kwamba mila ama ichukuliwe yote kama ilivyokuwa au itupwe yote.

Sasa tuje kwenye suala la utalii. Fedha za wageni zina msaada wake, na hatuoni haya kusema hivyo. Mama anayeuza ukili aliousuka, kijana anayewaonyesha wageni njia, mwenye gari la abiria, wote wanapata riziki. Aidha, kumpokea mgeni kumo ndani ya sherehe yenyewe. Desturi ya Makunduchi ni kwamba siku hiyo nyumba isikose mgeni, na nyumba isiyopata mgeni huonekana imepungukiwa na heri. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa na siku kama hii akilini.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mgeni na mtazamaji. Mgeni huingia ndani, huvua viatu, hula kilichopikwa, akaulizwa habari za kwao. Mtazamaji hushuka garini, hupiga picha ya moshi, akapanda garini. Sherehe ikipangwa kwa ajili ya mtazamaji, saa ya kuchoma kibanda itafuata ratiba ya magari, hotuba zitakuwa ndefu kuliko nyimbo, na jukwaa litakuwa na kivuli kuliko mahali wanapokaa wazee. Hatusemi kwamba hayo yote yamekwisha kutokea. Tunasema kwamba hiyo ndiyo njia ambayo sherehe nyingi za dunia zimepitia, na anayeiona mapema anaweza kuchagua njia nyingine. Waswahili wametuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msimu wa watalii huja na kupungua, kama tulivyoshuhudia mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulipozifunga safari za dunia nzima. Kilichokuwepo kabla yao ni mbacha wa wenyewe.

Tungependa basi kutoa mapendekezo machache, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, siku ya Mwaka Kogwa iendelee kutajwa na wazee wanaoijua hesabu, na wote wengine, yaani viongozi, wafanyabiashara na waandishi wa habari tukiwemo sisi wenyewe, tuifuate. Tarehe ikitangazwa mapema, itangazwe pamoja na maelezo yake, ili mwananchi ajue kwamba imepatikana kwa kuhesabu, wala haikupangwa katika kikao. Na siku ikisogea, isogee. Sherehe inayotembea ndani ya kalenda ya wengine ni dalili kwamba ina kalenda yake.

Pili, majina ya miongo, dalili za upepo, mvua na maua ya miti zinazokwenda na kila mwongo, na namna ya kuhesabu, yaandikwe kutoka vinywani mwa wazee wa Makunduchi na wa vijiji vingine vya Visiwani na Mrima ambako kumbukumbu hiyo ingali hai. Yahifadhiwe katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, na nakala zibaki vijijini kwa wenyewe. Kazi hiyo isingoje mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Mwanafunzi wa sekondari mwenye daftari na adabu ya kumwamkia mzee vizuri anaweza kuianza kesho.

Tatu, walimu wa shule zetu waitumie Nairuzi darasani. Mtoto anayeelewa kwa nini Ramadhani huzunguka misimu yote, kwa nini Nairuzi hurudi nyuma polepole, na kwa nini Januari haisogei, huyo ameelewa mwendo wa jua, wa mwezi na wa dunia kwa mfano wa kwao mwenyewe. Ni vigumu kupata somo la hesabu na jiografia lililo karibu zaidi na mlango wake.

Nne, kibanda kijengwe na vijana chini ya uangalizi wa wazee, siku kadhaa kabla, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya sherehe. Mwenye kujua kupekecha moto aonyeshe. Mwenye kujua kushona makuti ashone mbele ya watoto. Na wageni waingizwe majumbani, wale kilichopikwa, ndipo waende uwanjani.

Hatuna haja ya kuuabudu moshi ili tuiheshimu siku hii. Wala hatuna haja ya kujifanya kwamba tunaishi bado kwa kufuata miongo, ilhali mishahara yetu hulipwa mwisho wa mwezi na habari za hali ya hewa tunazipata redioni. Lakini pwani yetu ilipata kuwa na watu walioweza kuinua macho, wakahesabu kwa vidole, wakajua kaskazi itaanza lini na mbegu itiwe ardhini siku gani. Wakaikumbuka hesabu hiyo kwa njia ambayo hata mtoto asingeisahau: kwa maji, kwa moto, kwa chakula na kwa kuchapana kwa mzaha. Sherehe ilikuwa kamba, na hesabu ndiyo iliyokuwa jahazi lililofungwa kwenye kamba hiyo. Tusije tukaishika kamba kwa mikono miwili, tukiimba, ilhali jahazi limekwisha kwenda na maji.

Kwa hiyo kibanda kitakapowashwa tena, tunamwomba kila kijana atakayekuwepo afanye jambo moja dogo kabla ya kuutazama moshi. Amsogelee mzee aliye karibu naye, amwamkie, amwulize: "Babu, leo ni siku ya kwanza. Tumeipataje?" Kisha asikilize mpaka mwisho.